MWUGUZI NA KITI CHA BARAZA

Juma lililopita wenzangu darasani walinicheka niliposema nataka kuwa mwuguzi, kisha niombe uongozi. Walisema, "Kazi ya mwuguzi ni sindano. Siasa waachie wanasheria."

Mimi nasema sivyo. Pampu ya maji ikiharibika hapa Mantapala, mwuguzi wa kliniki hujua mapema, maana watoto wenye kuhara huletwa kwake kabla habari haijafika kwa wakubwa. Mtu huyu mbona asikae barazani?

Bibi Lucy Lameck wa Moshi, aliyezaliwa mwaka 1934, alisomea uuguzi. Akaingia TANU, akawa mbunge, na katika miaka ya 1960 akawa Waziri Mdogo, mwanamke wa kwanza wa Tanganyika kupata cheo cha namna hiyo. Afya nayo aliishughulikia. Hakuna aliyemrudisha kwenye sindano!

Najua, sisi tuliovuka kutoka Kongo, tukapokewa katika makao haya yaliyofunguliwa 2018, hatupigi kura za Zambia. Lakini kamati za maji na za afya zatuhusu wenyewe. Nitaanzia huko, na yule aliyecheka kuliko wote ndiye nitakayemwomba kura ya kwanza.