Ngozi Yetu Si Kosa la Kusahihishwa

Kuna neno nimechoka kulisikia kila wapiga picha wanapokutana: "Usijali, hiyo nitaiweka sawa kwa kompyuta." Sawa kwa nani, jamani? Bibi harusi mweusi tii anaingia kwa kompyuta, anatoka rangi ya chai iliyozidi maziwa. Mamake alifunga leso nyekundu, sasa imekuwa ya chungwa. Halafu tunaambiwa ati hiyo ndiyo kazi safi. Mimi nauita wizi.

Ukilalamika, jibu liko tayari: "Kamera ndiyo iliona hivyo." Uongo. Kamera haioni rangi. Kila pikseli ya sensa huhesabu mwanga tu, kupitia kichujio chekundu, kijani au cha buluu. Mpango huo wa vichujio ulibuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, akapata hataza 1976: nusu ya vichujio ni kijani, robo nyekundu, robo buluu. Rangi mbili zinazokosekana kwa kila pikseli, programu inazikisia kutoka kwa majirani. Kisha inaamua nyeupe ni ipi, na kutumia profaili fulani kugeuza hesabu hizo ziwe rangi. Kwa hivyo picha ghafi, ile RAW, ni unga tu. Ugali unapikwa na mtu.

Na wapishi wa kwanza hawakutufikiria. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za "Shirley", picha ya mwanamke mzungu. Akitoka vizuri yeye, mashine iko sawa. Waliosaidia kuisukuma Kodak iboreshe filamu kwa rangi za kahawia nzito ni watengenezaji wa samani na chokoleti. Mbao zilisikizwa kabla yetu.

Lakini wacha tusijifiche nyuma ya Kodak. Leo kamera iko mikononi mwetu. Gauni jeupe likijaa kwa fremu, kipimo cha kamera kinadhani kuna mwanga mwingi, kinaupunguza, na uso mweusi unazama gizani. Fundi anakuja baadaye kuuvuta juu kwa nguvu: ngozi inajaa chengachenga na kugeuka rangi ya jivu. Ongeza hema la manjano, nyasi za kijani na taa rahisi za LED zenye upungufu wa nyekundu. Kisha anabonyeza ile filta moja aliyonunua mtandaoni, ikapakwa kwa arusi, matanga na mahafali, zote sare. Hiyo ni kuediti ama ni kupaka chokaa?

Dawa ipo, na haihitaji uchawi. Kuna kadi ya rangi yenye viraka 24, ColorChecker, iliyotoka mwaka ule ule wa 1976, na kiraka chake cha kwanza kabisa ni ngozi nyeusi. Ipige picha moja chini ya hema lile lile, programu itengeneze profaili ya mwanga huo. Pima mwanga usoni, si kwa gauni. Pima skrini yako pia, maana skrini yenye ubuluu itakufanya umwage manjano bila kujua. Faili ya biti 14 inabeba viwango 16,384 kwa kila pikseli. JPEG ina 256 kwa kila rangi. Nafasi ya kutenda haki iko tele.

Wengine watasema mteja mwenyewe ndiye anaitisha weupe. Sawa, akiitisha, mpe. Mbona basi yule ambaye hajaitisha pia anapewa? Wengine watasema rangi ni sanaa, hakuna iliyo ya kweli. Bana, msanii anayeondoka kwenye kipimo anajua ameenda umbali gani. Asiyepima amepotea tu, na anatulipisha nauli.

Tena picha hizi ndizo zitachapishwa kwenye kijitabu cha mazishi yetu, na wajukuu watasema, kumbe shosho alikuwa hivi. Kwa hivyo wewe unayelipa, kabla ya kutuma malipo ya awali, muulize mpiga picha wako: rangi yangu utaipima na nini? Akicheka, tafuta mwingine.