Kinachotupwa baharini huenda wapi?

Mara nyingi husikika mtu akisema kuwa bahari ni kubwa, na kwamba kitu kikishatupwa humo basi kimekwisha. Wiki hii tunapenda kulitazama neno hilo pamoja na wasomaji wetu, kwani wanasayansi wamelipima na kuliona halina ukweli.

Mojawapo ya njia walizotumia ni kufuata nyayo za vitu vyenye mionzi. Mwezi Machi 2011, tetemeko la ardhi na tsunami viliharibu kituo cha umeme wa nyuklia cha Fukushima, Japani, na sesiamu yenye mionzi ikaingia katika Bahari ya Pasifiki. Ilikuwa ya aina mbili. Sesiamu-137 hupungua nusu kila baada ya miaka 30, hivyo mabaki ya majaribio ya mabomu ya karne iliyopita yangalimo baharini. Sesiamu-134 hupungua nusu kila baada ya miaka miwili, na ile ya zamani ilikwishatoweka. Kwa hiyo, ilipoonekana mwaka 2015 katika maji ya ufukwe wa British Columbia, Kanada, hapakuwa na shaka kuwa imetoka Fukushima. Kiasi chake kilikuwa kidogo mno, kisichoweza kumdhuru muogeleaji. Lakini kilitosha kuthibitisha kwamba mikondo ilikuwa imeivusha Pasifiki kwa takriban miaka minne.

Vilindini mwendo ni wa taratibu zaidi. Huko hupimwa kaboni-14, ambayo huchukua takriban miaka 5,700 kupungua nusu. Maji yakiwa juu huipokea kutoka hewani. Yakizama hayapokei tena, nayo huendelea kupungua. Kwa hesabu hiyo imejulikana kuwa maji ya vilindi vya Pasifiki Kaskazini hayajakutana na hewa kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Hapa pana funzo kwa familia zetu. Bahari huchanganya na kupunguza makali, lakini si kila kitu inakifuta. Takriban robo ya hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za wanadamu humezwa nayo, na sehemu ya hiyo huzama hadi zama za vizazi ambavyo hatutaviona. Basi mtoto akiuliza taka iliyotupwa majini imekwenda wapi, tusimwambie imepotea. Tumwambie imekwenda kwa jirani tusiyemjua.