Nani Kasema Kusakinisha Programu Kwenye Linux ni Kazi Ngumu?

Kila nikimwambia mtu ajaribu Linux, jibu ni lile lile: "Hiyo ni ya nyinyi watu wa kompyuta. Kusakinisha programu huko ni balaa." Nimechoka kulisikia. Hebu leo tulimalize.

Majuzi binamu yangu aliniletea laptopu ya Windows iliyojaa matangazo. Alitaka VLC tu, atazame filamu. Akaisaka mtandaoni, akaangukia tovuti isiyo ya VLC yenyewe, yenye vitufe vitatu vikubwa vya kijani. Akabonyeza kimoja, kisha Next, Next, Next bila kusoma, kama tufanyavyo sote. VLC aliipata, pamoja na takataka ambazo hakuziomba. Jioni yangu nzima ikaishia kuzisafisha, na bando langu pia.

Sasa tazama kwenye Ubuntu au Debian:

sudo apt install vlc

Basi. Unaogopa kuandika amri? Fungua duka la programu, tafuta VLC, bofya. Mashine inaileta kutoka hazina yake, inakagua sahihi za kidijitali, na inaleta kila kijenzi kinachohitajika. Ukitaka kusasisha, huzunguki tovuti kumi: programu zote ulizosakinisha kwa njia hiyo zinasasishwa kwa mpigo.

Unaona kama umewahi kuiona mahali? Ndivyo simu yako inavyofanya! Na hawakuianzisha watu wa simu. APT ilitoka na Debian 2.1 mwaka 1999. App Store ya iPhone ilifunguliwa 2008, ya Mac 2011, duka la Windows likaja na Windows 8 mwaka 2012. Hata winget, ya kusakinisha kwa amri, Microsoft waliitangaza 2020. Kwa hivyo njia salama ipo kwenye Windows pia siku hizi, ila watu bado wanakimbilia .exe ya kuokota, kwa sababu ndivyo tulivyozoea.

Sitawadanganya, Linux ina aibu zake. Kuna deb, rpm, Snap, Flatpak na AppImage. Mgeni atajuaje achague ipi? Flatpak ya programu ndogo inaweza kuvuta mamia ya megabaiti mara ya kwanza, na kwa mtu anayenunua bando la siku hilo si jambo la kucheka. Photoshop haipo. Na sisi mafundi tuna makosa: mgeni akiuliza swali dogo, tunamrushia amri kumi bila maelezo, kisha tunashangaa akikimbia.

Kwa hivyo ukitaka kuikataa Linux, ikatae kwa sababu kazi yako ni Photoshop. Hapo sina la kusema. Lakini usiniambie habari za ugumu, na kila siku unasakinisha programu kwenye simu kwa njia hiyo hiyo, bila kumwita fundi.