PIKIPIKI YA CHAMA SI PAMBO LA HARUSI

Ndugu wanachama,

Mkutano wa Jumamosi utaamua chama kinunue pikipiki gani. Zipo mbili dukani Kahama. Moja ni ya toleo la zamani, haijatumika, imepunguzwa bei na inauzwa taslimu. Nyingine ni toleo jipya kabisa, na mwenye duka yuko radhi kutukopesha tulipe kidogo kidogo. Baadhi ya wajumbe wa bodi wameanza kupita majumbani wakinong'ona kwamba tukinunua ya zamani tutachekwa na watu wa mgodini. Basi na tuseme wazi.

Tuchekwe! Hela inayozungumzwa ni makato ya pamba yetu, jasho la mama aliyepalilia juani. Mgodi wa Bulyanhulu ulianza kuzalisha mwaka 2001 na magari yake tunayaona kila siku. Hakuna mkulima aliyeongeza hata kilo moja ya pamba kwa kuyatazama.

Hiyo ya zamani ina injini ya namna ya CG. Mwaka 1976, ule ule ambao Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika (sheria ya 1982 ndiyo iliyovirudisha), kampuni ya Honda ya Japani ilitoa CG125. Waliiunda kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako mtu hubeba mzigo kupita kiasi na kusahau kubadili oili. Valvu zake zinasukumwa na fito, hakuna mnyororo mwembamba wa ndani wa kulegea na kupiga kelele. Wachina wakaiga injini ile, viwanda vingi mno, ndiyo maana pistoni yake, klachi yake na kabureta yake unavikuta hata kwenye meza ya mwuza spea gulioni. Pakistani walikuwa bado wanaiunda zaidi ya miaka 40 baadaye. Huo ndio ukale wa kutuonea haya?

Ile mpya ina saa ya namba zinazowaka, rimu za kumwaga zisizo na spoku, na stata ya kubonyeza tu, kiki haina. Nauliza: betri ikifa mbugani mwezi wa Januari, udongo mweusi umeshika magurudumu, karani ana daftari la wakulima mgongoni, atabonyeza nini? Spoku ikikatika fundi wetu pale chini ya mwembe anaibadili huku unakunywa uji. Rimu ya kumwaga ikipasuka ni safari ya mjini, na nauli, na kulala huko.

Halafu huo mkopo. Vijana wetu wa bodaboda wanaujua, wanauita mkataba. Tuchukue mfano: shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku 365, ni shilingi 3,650,000. Siku ya mvua hesabu haisimami, siku ya kuumwa haisimami. Kijana akikosa siku kadhaa pikipiki inachukuliwa, na alichokwisha kulipa kinabaki huko huko. Sasa chama cha wakulima, ambacho hela yake inaingia msimu wa pamba tu, kitatoa wapi rejesho la kila mwezi? Kitauza mizani?

Lakini wenye duka nao si malaika. Kitu hakipunguzwi bei bila sababu. Pikipiki ikikaa stoo miaka, mpira hukauka: tairi hupata nyufa, sili hukakamaa zikavuja oili, tangi hushika kutu ndani. Hayo yanarekebishika, ila yahesabiwe kabla ya kulipa, si baada. Na kama spea zake zimekoma, hata wakitupa bure tukatae.

Napendekeza fundi wetu na wajumbe wawili waende Kahama kabla ya Ijumaa. Waulize klachi na pistoni yake katika maduka matatu ya spea. Namba ya chesisi na ya injini wazilinganishe na karatasi, na kadi iandikwe jina la chama, si la mwenyekiti, maana wenyeviti hubadilika. Fedha itakayobaki inunue cheni, sproketi, tairi la akiba, kofia ngumu mbili na bima.

Bei zote wazibandike hapa ubaoni kabla ya mkutano.

Mwanachama mwenzenu