Wahami hawajengi nyumba kwa hotuba: serikali iweke pesa kwenye akiba yao

Kila mara vita inapofukuza watu Masisi, Rutshuru, Nyiragongo ao Kalehe, viongozi wanaleta vitu vitatu: shitingi, mfuko wa unga na hotuba. Shitingi inapasuka kisha mvua mbili tatu. Unga unakwisha ndani ya juma. Hotuba ndiyo inabaki, maana inarudiwa kila mwaka. Kitu kisicholetwa ni pesa mkononi mwa mama mwenye jamaa, pesa ya kulipa mahitaji ya kila siku na ya kuanza tena kujenga.

Mwezi wa pili 2025, kambi zilizozunguka Goma, kama Bulengo na Lushagala, zilibaki tupu ndani ya siku chache. Watu waliambiwa warudi kwao. Wengi waliorudi walikuta nyumba zimebomolewa, milango na manjanja vimeng'olewa, shamba linalimwa na mwingine. Walioshindwa kurudi wakaingia kupanga mjini, na hapo hesabu ikaanza: kodi ya chumba, garanti, makala, maji ya bidoni, daftari za watoto, dawa ya malaria. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite kodi ya miezi 3. Wenye nyumba wengi hawaifuati, na hakuna anayewauliza. Lakini hata hiyo miezi 3, kwa mtu aliyetoka Masisi na mtoto mgongoni na sufuria moja kichwani, ni mlima.

Katiba ya nchi, ile ya tarehe 18 Februari 2006, inasema katika kifungu cha 48 kwamba haki ya kuwa na makao yenye heshima, haki ya maji safi na haki ya umeme zimehakikishwa. Basi makao ni haki, si zawadi ya mkubwa aliyepita na kamera. Kwa miaka mingi serikali imeachia mashirika ya nje kazi yake. Marekani iliposimamisha misaada yake mwanzoni mwa 2025, ikaonekana wazi nani alikuwa anabeba mzigo na nani alikuwa anapiga picha kando ya mzigo.

Watasema: hakuna serikali duniani inayowapa watu pesa ya nyumba. Si kweli. Wakongomani wenye ndugu London ao Montreal waulize kwa simu. Uingereza kuna akaunti ya akiba iliyoanza 2017. Kijana wa miaka 18 hadi 39 anaifungua, anaweka hadi pauni 4,000 kwa mwaka, na serikali inamwongezea asilimia 25, maana yake hadi pauni 1,000, ili anunue nyumba yake ya kwanza. Akiichomoa kwa jambo lingine kabla ya uzee, anakatwa. Kanada nako, tangu tarehe 1 Aprili 2023, mtu anayetafuta nyumba ya kwanza anaweza kuweka hadi dola 8,000 za kwao kwa mwaka, jumla 40,000, na pesa hiyo haitozwi kodi akinunua nyumba. Serikali hizo si za malaika. Zimeelewa tu kwamba mtu mwenye nyumba yake analipa kodi, anasomesha watoto, na hakimbilii bunduki kutafuta chakula.

Huku Kivu mambo yamegeuzwa. Anayeweka akiba ndiye anayepata hasara. Mwisho wa Januari 2025 Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23, benki zilifunga milango. Mwalimu aliyeweka mshahara wake, mama muuza maharagi aliyeweka faida yake, wote waliambiwa kwamba pesa yao ipo, ila haifikiki. Watu wakavuka mpaka kwenda Gisenyi kutafuta noti, wengine wakakatwa asilimia kwa mawakala wa pesa za simu. Wakubwa wapya wa mji wakafungua CADECO mwezi wa nne wakisema dawa imepatikana. Kinshasa ikasema haiitambui. Kati ya wakubwa hao wawili, hakuna aliyemwuliza mama wa maharagi pesa yake ya manjanja itatoka wapi.

Na bado watu wanaweka akiba. Hilo ndilo linapaswa kuwatia viongozi haya. Kuna likelemba, ambapo kila mmoja anatoa kidogo na kila zamu mmoja anabeba yote. Kuna vyama vya AVEC, vyenye sanduku la kufuli tatu na wanawake watatu wenye funguo, ambapo watu wananunua hisa kila juma na kugawana mwisho wa mwaka pamoja na faida ya mikopo. Vyama hivyo vinaundwa hata ndani ya kambi. Havina jengo, havina mlinzi mwenye silaha, na vinaheshimu hesabu kuliko wizara nyingi. Mjinga gani atasema maskini hawajui kuweka akiba?

Tuchukue mfano wa kawaida. Chama kina wanawake 25, kila mmoja anaweka dola 2 kwa juma. Mwaka ukiisha, kila mmoja ana dola 104. Kama serikali ingeongeza asilimia 25, sawa na Uingereza, kila mama angepata dola 26 zaidi. Kwa chama chote ni dola 650. Hiyo haifiki bei ya safari moja ya mkubwa mmoja kwenda mkutano Ulaya. Lakini kwa mama huyo, dola 26 ni manjanja kadhaa, ao misumari na mbao za mlango.

Neno la kwanza la wapinzani linajulikana: ukimpa maskini pesa, atakunywa. Maneno haya yanasemwa zaidi na watu wanaokunywa pesa ya maskini. Kisha ugonjwa wa Covid-19, serikali yenyewe, kupitia Fonds Social na kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilituma pesa kwa simu kwa watu wa kartia maskini za Kinshasa. Namna ilijulikana, simu zilikuwepo, majina yaliandikwa. Kilichowezekana Kinshasa kwa ajili ya ugonjwa, kwa nini kishindikane kwa ajili ya vita? Ao mtu wa Masisi ana tumbo la namna nyingine?

Neno la pili: serikali haina pesa. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa uharibifu wa vita, nazo milioni 225 kati ya hizo ni za watu walioumizwa na waliouawa. Malipo yalipangwa kwa miaka 5, dola milioni 65 kila mwaka. Mfuko unaoitwa FRIVAO uliundwa ili kugawia wahanga, hasa wa Kisangani na Ituri. Mwaka 2025 nchi ilisikia nini? Cour de cassation ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, miaka 3 ya kazi za kulazimishwa kwa kupotosha zaidi ya dola milioni 19, pesa iliyotoka katika mfuko huo kwa ajili ya kujenga gereza. Yeye alikana. Lakini jambo moja halikanushiki: pesa ilikuwepo. Wahanga wengi walikuwa bado wanapanga mstari na karatasi mkononi, na pesa ilikuwa imekwisha kupata njia nyingine.

Pesa ya FRIVAO ni ya wahanga wake, isiguswe kwa jambo lingine. Lakini itumike kupima ukubwa. Dola milioni 65, kiasi cha mwaka mmoja tu, zingetosha kuongeza dola 26 kwa watu milioni 2 na nusu wanaoweka akiba. Basi neno la "hatuna" liachwe. Kinachokosekana ni nia, na hofu ya kuulizwa.

Neno la tatu lina uzito zaidi: pesa itaibiwa njiani. Ndiyo, ikipita mikononi mwa wakubwa saba itaibiwa. Ndiyo maana isipite huko. Ipite moja kwa moja kutoka hazina hadi simu ya mwanachama ao sanduku la chama. Majina na kiasi visomwe kwa sauti mbele ya kartia, na visomwe redioni ili hata asiyejua kusoma asikie. Mwizi anapenda karatasi iliyofungwa katika drua. Hapendi hesabu inayosomwa mbele ya mama 25 wenye kumbukumbu.

Kodi, hiyo haijawahi kushindwa kupita njia yoyote. Muuzaji sokoni anakatwa, mwenye chukudu anasimamishwa barabarani, gari la maharagi linalipa kwenye kila barriere, awe ni wa Kinshasa ao wa AFC/M23 anayeshika kamba. Katika Kivu, kodi ina mabwana wengi, msaada hauna bwana hata mmoja. Anayedai kutawala watu na apimwe kwa kile anachorudisha nyumbani mwao, si kwa bendera aliyopandisha.

Madai ni manne, na yanaeleweka na kila mtu. Kwanza, kila jamaa ya wahami ipate pesa ya mahitaji ya nyumba kwa miezi 6 tangu kurudi ao kuingia kupanga. Pili, serikali iongeze asilimia 25 juu ya akiba ya AVEC na likelemba zilizoandikishwa, kwa ajili ya kiwanja, mbao na manjanja. Tatu, garanti ya miezi 3 iheshimiwe, na shefu wa kartia apewe nguvu ya kuitetea. Nne, pesa ya mwananchi iliyofungiwa katika benki ihesabiwe kama deni la serikali kwake, si kama bahati mbaya ya vita.

Wabunge wa Kivu wanapiga kura juu ya bajeti kila mwaka huko Kinshasa. Wahami wana namba zao za simu, maana walizipewa wakati wa kampeni. Wawapigie na kuwauliza swali moja tu: mstari wa akiba ya wahami uko ukurasa wa ngapi?