Upinde wa Mhadzabe hauishi bila pori

Mtoto wa kiume wa Kihadzabe hupewa upinde wake mdogo kabla hata hajafikia umri wa kwenda shule. Huko Bonde la Yaeda, karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, huanza kwa kulenga ndege na panya, huku akiwatazama wakubwa wakitengeneza mishale. Kijiti hupashwa moto, hung'atwa kwa meno na kupindwa kidogo kidogo, kisha mzee hufumba jicho moja kukagua kama kimenyooka. Mwishoni hufungwa manyoya ya ndege kwa ukano wa mnyama.

Nyama inayoletwa na mishale hiyo ni sehemu tu ya mlo. Mizizi wanayochimba akina mama, ubuyu na asali hulisha familia siku nyingi.

Kuwageuza watu hawa kuwa kivutio cha kupigwa picha ni kuwakosea. Ujuzi wao huu ni elimu kamili, na darasa lake ni pori. Hati ya kimila ya kumiliki ardhi waliyopewa mwaka 2011 ilikuwa haki yao, lakini mashamba na mifugo bado vinawasogelea. Viongozi wa wilaya na vijiji jirani wailinde mipaka ya ardhi hiyo sasa.