Mtihani Usiwe Sababu ya Kuacha Chuo

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila mwaka hapa madrasa twaisikia kauli moja: "Ustadh, mtoto ana mtihani, atapumzika chuo kidogo." Zamani tuliielewa. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulikuwa na mtihani wa KCPE katika darasa la 8. Mtoto alikosekana miezi michache, kisha akarudi. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho 2023.

CBC imepangwa vingine: miaka 2 ya chekechea, 6 ya msingi, 3 ya sekondari msingi na 3 ya sekondari pevu. Anayemaliza Gredi ya 9 hupangiwa shule kwa alama alizokusanya kwa miaka: KPSEA ya Gredi ya 6 asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na KJSEA ya Gredi ya 9 asilimia 60.

Maana yake ni kuwa mtihani sasa hauna msimu. Mzazi anayemtoa mtoto chuo Gredi ya 6 "mpaka amalize mitihani" amemtoa miaka 4, tangu utotoni hadi baleghe. Tulikuwa na kijana aliyetolewa 2022 akiwa amehifadhi juzuu 5 za mwisho. Aliporudi mwishoni mwa 2025, Surat Al-Mulk ilimshinda. Aliinamisha kichwa, nasi hatukuwa na la kumwambia.

Sisi walimu pia tuna lawama. Mtoto hutoka shule jioni amechoka, ana kazi ya kufanya nyumbani, nasi twamtaka kila siku kana kwamba hana shule. Basi wazazi, tuleteeni ratiba ya shule mwanzo wa muhula, tupange pamoja. Asiyeweza siku tano, aje tatu. Nanyi wanafunzi, msiache kurudia mlichohifadhi baada ya Alfajiri, japo kwa dakika 20.

Elimu ya shule hatuipingi. Twataka madaktari na wahandisi wa Kiislamu. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Siku hiyo hatutaulizwa alama za Gredi ya 9 peke yake.

Wabillahi tawfiq.